Nairobi hadi New York: ndege ya moja kwa moja, kupitia Ulaya, au kupitia Ghuba?

Anayetaka kusafiri kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy mjini New York ana njia tatu kuu. Anaweza kupanda ndege moja Embakasi, uliko uwanja huo wa Nairobi, na kushukia New York. Anaweza kubadilisha ndege Ulaya, hasa Amsterdam, London au Paris. Au anaweza kupitia Ghuba, yaani Dubai au Doha. Nimewasaidia ndugu na majirani kupanga safari hii mara nyingi, na karibu kila mara swali lao la kwanza ni nauli. Nauli ni jambo zito, lakini hupanda na kushuka kila wiki, na mwezi wa Desemba hupanda kwa kiwango cha kukatisha tamaa, kwa hiyo bei ya leo haiwezi kumsaidia atakayesoma maneno haya mwezi ujao. Nimeiweka kando ili nizungumzie yale ambayo msafiri huyagundua akiwa amekwisha kulipa.

Nitazipima njia zote tatu kwa vigezo vilevile: umbali wenyewe, saa anazotumia msafiri tangu atoke nyumbani, kubadilisha ndege na hati zinazohitajika, namna mwili unavyoipokea safari, kinachotokea siku mambo yanapoharibika, na mji ambao ndio mwisho halisi wa safari. Kigezo hiki cha mwisho ndicho ninachoamini kinasahauliwa zaidi, na mara nyingi ndicho kinachoamua.

Umbali

Kwenye ramani ya ukutani, mtu huona kana kwamba ndege ingekata katikati ya Afrika na kuingia Atlantiki kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Dunia ni mviringo, kwa hiyo njia fupi kabisa hupinda kuelekea kaskazini: huanzia Embakasi ikielekea Sudan Kusini, hupita Chad na Niger, huvuka Sahara upande wa Algeria, hutokea Moroko karibu na Marrakech, kisha huvuka bahari na kupita kusini mwa kisiwa cha Newfoundland kabla ya kushuka New York. Mstari huo una urefu wa kilomita zipatazo 11,840. Ndege yenyewe haiufuati hatua kwa hatua, kwa sababu marubani hukwepa anga za nchi zenye vita na hutafuta pepo zinazowafaa, kwa hiyo kilomita halisi huzidi kidogo.

Ulaya haiko mbali sana na mstari huo. Kutoka Nairobi hadi Amsterdam ni kilomita 6,680 hivi, na kutoka Amsterdam hadi New York ni 5,850, jumla ikiwa takriban 12,500. Kupitia London jumla huwa kama 12,400. Hii ina maana kwamba msafiri wa njia ya Ulaya huongeza kilomita 550 hadi 700 tu, ambazo ndege huzimaliza kwa muda usiofika saa moja.

Ghuba ni habari nyingine. Dubai iko kaskazini-mashariki mwa Nairobi, kwa hiyo abiria huanza safari kwa kuipa New York kisogo kwa kilomita 3,560 hivi, kisha huruka nyingine kama 11,000 kwenda magharibi. Jumla hukaribia 14,600. Kupitia Doha ni kama 14,100. Ni nyongeza ya kilomita 2,300 hadi 2,700, sawa na saa tatu hivi za kuruka. Wako wanaochagua Ghuba wakidhani wanaigawa safari katika nusu mbili, na hilo si kweli. Kipande cha Dubai hadi New York kinakaribia kuwa kirefu kama safari nzima ya moja kwa moja. Ulaya ndiyo inayoigawa safari karibu sawa.

Saa

Safari ya moja kwa moja huendeshwa na Kenya Airways, iliyoianzisha tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege aina ya Boeing 787-8, baada ya Kenya kupewa na mamlaka ya anga ya Marekani, Februari 2017, daraja la usalama linaloruhusu safari za namna hiyo. Kwenda huchukua kama saa 15, na kurudi kama saa 14. Tofauti hiyo hutokana na pepo kali za juu zinazovuma kutoka magharibi kuelekea mashariki, ambazo humrudisha nyuma anayekwenda na kumsukuma anayerudi. Kupitia Ulaya, saa za hewani ni kama 17, na pamoja na kusubiri katikati, safari huwa saa 19 hadi 22. Kupitia Ghuba, saa za hewani ni kama 19, na safari nzima huanzia saa 21 na mara nyingi huzidi 24.

Namba hizo huchanganya watu zinapoandikwa kwenye tiketi, na hapa ningependa tutulie kidogo. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa nane wakati wa baridi yao na saa saba wakati wa joto, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tuseme umeondoka Nairobi mwezi Januari saa tano na nusu usiku. Baada ya saa 15, saa ya Nairobi itakuwa saa nane na nusu mchana, lakini New York itakuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umepata siku nzima mbele yako, na mwili unaoamini kwamba mchana umekwisha kupita nusu. Ukirudi, ukiondoka New York saa sita na nusu mchana, utatua Embakasi saa nne na nusu asubuhi ya siku inayofuata, na hapo usiku mzima umemezwa na safari.

Tiketi huandika saa kwa mfumo wa tarakimu 24, na saa ya tiketi huanza kuhesabu siku mpya usiku wa manane. Tiketi inayosema 00:40 tarehe 15 inamaanisha usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani unapaswa kuwa Embakasi jioni ya tarehe 14. Ndege kadhaa za Ulaya na Ghuba huondoka Nairobi katikati ya usiku, na nimeona familia ikifika uwanjani na masanduku yake saa 24 baada ya ndege kuondoka. Ukimkatia mzee tiketi, mwandikie pembeni kwa kalamu: usiku wa kuamkia siku gani, na saa ngapi kwa Kiswahili.

Kuna pia saa za ardhini. Ruhusu saa nne tangu utoke nyumbani ukikaa Westlands au Ngong Road, hata kama utatumia barabara ya juu ya Nairobi Expressway, kwa sababu abiria hushuka garini na kukaguliwa kabla ya kufika kwenye majengo ya uwanja, na abiria wa Marekani hukaguliwa tena karibu na lango la kuabiria. Saa hizo nne ni zilezile kwa njia zote tatu.

Kubadilisha ndege, na hati

Kwa njia ya moja kwa moja, hati unazohitaji ni pasipoti na viza ya Marekani au kadi ya ukaazi. Hakuna nchi ya katikati inayokuuliza chochote. Unakaguliwa Nairobi, unakaa, unashuka.

Kwa njia ya Ulaya, unaingia kwenye masharti ya nchi ya tatu. Mwenye viza halali ya Marekani mara nyingi hurahisishiwa kupita, lakini masharti hutofautiana kati ya nchi na nchi, hutofautiana pia kati ya anayebaki ndani ya eneo la wasafiri na anayelazimika kupita uhamiaji, na hubadilika. Uliza shirika la ndege kabla ya kulipa, ukitaja uraia wako, aina ya viza na viwanja vyote utakavyopitia. Kwa Ghuba, anayebaki ndani ya eneo la wasafiri akisubiri ndege nyingine kwa kawaida hahitaji viza. Akitaka kutoka nje kwenda hotelini, hapo masharti huanza.

Jambo linaloumiza zaidi kuliko viza ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali kwa sababu ya unafuu. Safari yako yote ikiwa kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa, ni wajibu wa shirika kukutafutia ndege nyingine, na masanduku yako hupelekwa yenyewe hadi uwanja wa kwanza wa Marekani. Ukiwa na tiketi mbili, shirika la pili lina haki ya kukuhesabu kama abiria ambaye hakutokea. Unaweza pia kulazimika kupita uhamiaji katikati ili uchukue masanduku na kuyasajili upya, na huenda huna viza ya kufanya hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita tulimsafirisha shangazi yangu kupitia kiwanja kimoja cha Ulaya. Kingereza chake ni cha salamu tu. Ndege ya kwanza ilifika ikiwa imechelewa, lango lililoandikwa kwenye kadi yake lilikuwa limebadilishwa, na yeye alikaa pale palipoandikwa, kwa utulivu wa mtu anayefuata alichoambiwa, hadi ndege ikaondoka kutoka lango lingine. Alilala kwenye viti usiku ule, na sisi Nairobi hatukujua aliko. Kosa lilikuwa letu. Kila shirika hutoa msaada wa kiti cha magurudumu bila malipo, ukiuomba saa 48 au zaidi kabla ya safari, na msaada huo haumtaki mtu awe mgonjwa wa miguu; unamfaa pia mzee ambaye umbali wa kutembea unaweza kumshinda. Mhudumu humpokea mlangoni mwa ndege na kumfikisha kwenye lango sahihi. Tangu siku hiyo sijamkatia mzee yeyote tiketi ya kuunganisha bila kuuomba, na wala siachi muda wa kusubiri ulio chini ya saa tatu.

Kwa njia zote mbili za kuunganisha, kumbuka kwamba mara nyingi begi la mkononi hukaguliwa tena katikati, na viwanja vingi bado havipitishi chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100. Asali ya Kitui iwekwe kwenye sanduku kubwa. Nyama, hata iliyokaushwa, iache nyumbani kwa njia yoyote utakayochagua, kwa maana forodha ya Marekani huitwaa.

Mwili

Kukaa saa 15 kwenye kiti kimoja si jambo la kupuuzwa. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu hukaribia kuongezeka maradufu baada ya safari ya saa nne au zaidi ambayo mtu amekaa bila kujisogeza. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo. Kwa aliyewahi kuganda damu, mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au mwenye uzito mkubwa, ni vizuri amwone daktari kabla ya kununua tiketi, na njia ya Ulaya humpa nafasi ya kunyoosha miguu katikati kabisa ya safari. Ghuba humpa nafasi hiyo mapema mno, baada ya saa tano, kisha humrudisha kwenye kiti kwa saa 14.

Upande wa pili, njia ya moja kwa moja ina faida ambayo wakazi wa Nairobi hawaisikii ikitajwa. Hewa ndani ya Boeing 787 huwekwa katika kiwango kisichozidi kile cha mahali palipo mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wakati ndege nyingi za miundo ya zamani hufika mita 2,400. Nairobi yenyewe iko karibu na mita 1,800. Kwa hiyo pafu lililozoea hewa ya Nairobi halioni mabadiliko makubwa ndani ya ndege hiyo. Aina hii ya ndege hutumiwa pia kwenye njia nyingine, na tovuti ya shirika huonyesha aina ya ndege kabla hujalipa.

Usingizi nao una hesabu yake. Ndege ya moja kwa moja huondoka usiku, na anayeweza kulala kwenye kiti hupata saa saba au nane bila kuamshwa. Kuondoka usiku kuna sababu nyingine pia: uwanja wetu uko mita 1,624 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, na joto huifanya iwe nyepesi zaidi, kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 huruka kwa urahisi zaidi katika ubaridi wa usiku. Kwa njia ya Ulaya utaamshwa alfajiri kubadilisha ndege. Kwa Ghuba, usingizi hukatika katikati ya usiku, jambo linalowachosha watoto kuliko kitu kingine chochote katika safari hizi.

Siku mambo yanapoharibika

Hakuna uwanja usio na siku yake mbaya. Jengo la abiria wanaowasili la uwanja wetu liliteketea tarehe 7 Agosti 2013, na mgomo wa wafanyakazi wa tarehe 11 Septemba 2024 uliwaacha maelfu wamekwama Embakasi. Uwanja wa Heathrow wa London ulifungwa tarehe 21 Machi 2025 baada ya kituo cha umeme kuungua. Mvua kubwa ya tarehe 16 Aprili 2024 ilifurika Dubai na kuvuruga safari kwa siku kadhaa, na tarehe 23 Juni 2025 anga ya Qatar ilifungwa kwa saa kadhaa kwa sababu za kivita.

Njia ya moja kwa moja haina ndege ya pili ya kukosa, na hiyo ni nusu ya wasiwasi imeondoka. Udhaifu wake ni kwamba idadi ya safari kwa wiki hubadilika kulingana na msimu, na ndege ya leo ikifutwa, huenda inayofuata isiwe kesho. Kati ya London na New York kuna ndege nyingi kila siku, kwa hiyo anayekwama London hupata nafasi nyingine upesi, isipokuwa wakati wa theluji au ukungu. Ulaya ina ulinzi wa ziada pia: kanuni ya 261 ya mwaka 2004 humpa abiria anayeondoka kwenye uwanja wa Umoja wa Ulaya haki ya chakula, malazi, na kwa safari ndefu fidia inayoweza kufika euro 600 ikiwa kosa ni la shirika. Ghuba haina majira ya theluji, na Dubai na Doha zote zina zaidi ya ndege moja kwa siku kwenda New York.

Mwisho halisi wa safari

Wakenya wengi wanaotua New York hawaendi New York. Wanakwenda Minnesota, Texas, Georgia, Massachusetts au jimbo la Washington, waliko ndugu zao. Sheria ya Marekani humtaka abiria apitie uhamiaji na achukue masanduku yake kwenye uwanja wa kwanza wa nchi hiyo, hata kama ana ndege nyingine ya ndani, kisha ayakabidhi tena na kukaguliwa upya. Kwa hiyo ndege ya moja kwa moja hadi New York, kwa anayekwenda Minneapolis, si ya moja kwa moja hata kidogo. Ni safari ya kuunganisha ambayo kiungo chake kiko mahali penye foleni ndefu. Amsterdam ina ndege inayokwenda Minneapolis bila kusimama, na nyingine za Atlanta na Boston. Dubai na Doha zina ndege za Dallas, Houston na Seattle. Mtu huyo akipitia Ulaya au Ghuba, hubadilisha ndege mara moja tu, na masanduku huyachukua mwisho wa safari.

Uamuzi kulingana na hali yako

Mzee anayesafiri peke yake kwenda New York, New Jersey au Connecticut, ambako mtoto wake anaweza kumpokea kwa gari, apande ndege ya moja kwa moja hata kama nauli imezidi kidogo. Kama anakwenda jimbo la mbali, apitie uwanja mmoja wa Ulaya au Ghuba wenye ndege ya kumfikisha kabisa, kwa tiketi moja na kwa msaada wa kiti cha magurudumu.

Mfanyabiashara mwenye mkutano wa asubuhi Manhattan atafaidika na kutua alfajiri kwa ndege ya moja kwa moja, ila ni busara mkutano usiwe siku ileile. Mwenye maumivu ya mgongo, au aliyeonywa na daktari kuhusu mishipa, achague Ulaya na muda wa kusubiri wa saa tatu au nne.

Mwanafunzi mwenye nguvu, mfuko mwembamba na masanduku mawili atazame njia zote tatu na achukue ya bei nafuu iliyo kwenye tiketi moja, akilinganisha pia kilo za mizigo zinazoruhusiwa, kwa sababu ada ya sanduku la ziada inaweza kumeza unafuu wote. Ghuba humfaa mara nyingi, hasa akielekea Texas.

Mama mwenye mtoto mchanga aombe kitanda kidogo cha ukutani mapema, kwa kuwa huwa vichache, na kwa kawaida ningemshauri ndege ya moja kwa moja ya usiku. Mwenye mtoto wa miaka mitatu au minne anayehitaji kukimbia, aigawe safari Ulaya. Anayetoka Mombasa ahesabu pia kipande cha kwanza: akija kwa ndege ya ndani kwenye tiketi hiyohiyo amelindwa, lakini akija kwa treni hadi Syokimau, afike siku moja kabla na alale Nairobi.